Kifaa cha umeme cha kutuliza maumivu: miezi mitano kiunoni mwangu

Kifaa ninachokitathmini hapa ni kijisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, kinachotumia betri moja ya volti 9, chenye nyaya mbili ambazo kila mmoja hugawanyika na kuishia kwenye vibandiko viwili vya kunata. Wataalamu wa tiba ya viungo hukiita TENS, na kazi yake ni kupitisha mapigo madogo ya umeme kwenye ngozi ili neva zilizo chini yake zisisimke. Nilikinunua mwanzoni mwa mwaka huu kwa shilingi 4,800 katika duka la vifaa vya hospitali katikati ya jiji la Nairobi, na nimekitumia karibu kila siku kwa miezi mitano. Kimenifaa. Hata hivyo hakikunifaa kwa sababu alizonieleza muuzaji, wala hakikunifaa nilipokitumia kama alivyonielekeza, na ndiyo maana tathmini hii itakaa muda mrefu zaidi ndani ya uti wa mgongo kuliko ndani ya kijisanduku chenyewe.

Nianze na maumivu. Nimefundisha Kiswahili katika shule ya upili kwa miaka kumi na tisa, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nimekuwa nimeinamia insha za wanafunzi. Mwaka jana diski iliyo kati ya pingili ya nne na ya tano za kiunoni ilitokeza na kubana neva, kama picha ya MRI ilivyoonyesha, na tangu hapo maumivu yamekuwa yakishuka kutoka kiunoni, yakipita nyuma ya paja la kushoto na ubavuni mwa muundi hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Kila tuta ambalo matatu ililiruka kwenye Jogoo Road lilinipita mguuni kama kisu. Ilifika mahali ambapo hata mguso wa mkanda wa sketi kwenye nyonga, mguso usiostahili kumuumiza mtu yeyote, ulinitoa machozi.

Dukani nilihudumiwa haraka na kwa heshima, na bei ilikuwa ya haki nikilinganisha na maduka mengine mawili niliyoyapitia siku hiyo. Kasoro ilikuwa katika maneno. Kijana aliyenihudumia aliniambia, "Mama, hii inatoa maumivu yote mwilini, hata presha inashusha. Wewe weka tu panapouma, halafu uongeze moto." Hakuniuliza kama nimepandikizwa kifuani kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, kama nina ujauzito, kama nina kifafa, wala kama kuna sehemu ya ngozi yangu iliyokufa ganzi, ingawa hayo ndiyo maswali ambayo yeyote anayeuza kifaa hiki anapaswa kuyauliza kabla ya kupokea pesa. Karatasi ya maelekezo ilikuwa imechapwa kwa herufi ndogo kama mbegu za mchicha, na nusu yake ilikuwa katika lugha ambayo siisomi. Kwa wiki nzima nilifanya kama nilivyoambiwa: nilibandika panapouma, nikaongeza moto hadi misuli ya kiuno ikarukaruka kwa nguvu, nikavumilia kwa sababu niliamini kwamba dawa kali ndiyo inayoponya. Niliambulia ngozi iliyobabuka na maumivu yaleyale.

Nilikuwa karibu kukirudisha nilipokwenda kwa mtaalamu wa tiba ya viungo katika kliniki ndogo huko Ngara, ambako kipindi kimoja ni shilingi 2,000. Ni kijana ambaye huenda ana umri wa wanafunzi wangu wa mwanzo. Alikigeuza kifaa mkononi, akasoma vitufe vyake, akasema: "Mwalimu, hii mashine haina dawa ndani. Dawa iko mgongoni mwako. Mashine inagonga mlango tu, na wewe umekuwa ukigonga kwa nguvu bila kujua ni mlango upi." Kisha akachukua kadi yangu ya miadi, akaigeuza, akachora nyuma yake umbo linalofanana na kipepeo aliyekunjua mabawa. Nusu saa iliyofuata ilikuwa ya thamani kuliko kifaa chenyewe, na ninaieleza hapa pamoja na yale niliyoyasoma baadaye, kwa sababu bila kuyajua haya mnunuzi yeyote atakuwa anazungusha vitufe gizani.

Ugwe wa mgongo, yaani ule mkanda laini wa neva unaopita ndani ya pingili, ukikatwa kwa upana huonyesha katikati yake umbo hilo la kipepeo, la rangi ya kijivu. Mabawa ya nyuma huitwa pembe za nyuma, na hapo ndipo habari za maumivu kutoka mwilini hupokewa kwa mara ya kwanza. Nyuzi zinazozileta ni za aina mbili. Zipo zenye utando mwembamba, ambazo hupeleka habari kwa mwendo wa kati ya mita 5 na 30 kwa sekunde, na zipo nyembamba kabisa zisizo na utando, ambazo hujikongoja kwa takriban mita moja kwa sekunde. Ukijikwaa kidole cha mguu kwenye ngazi, uchungu mkali wa papo hapo ni habari ya nyuzi za kwanza, na ule mwako mzito unaofuata baada ya sekunde moja hivi ni habari ya nyuzi za pili, zilizokuwa bado njiani.

Habari hiyo husafiri kama umeme hadi kwenye pembe ya nyuma, lakini hapo umeme hukoma. Kati ya ncha ya uzi na seli inayofuata kuna mwanya mdogo sana, na mwanya huo huvukwa na kemikali. Umeme unapofika kwenye ncha, hufungua milango ya kalsiamu, kalsiamu huingia, na vifuko vidogo vilivyohifadhi kemikali hupasuka na kumwaga vilichobeba. Mjumbe wa kwanza na wa haraka ni glutameti, ambayo hufanya kazi yake kwa sehemu ndogo ya sekunde. Pamoja nayo, hasa maumivu yakiwa makali au ya kurudiarudia, humwagwa dutu P, mnyororo wa asidi za amino 11, ambayo ni mjumbe wa polepole: husambaa mbali na mahali ilipomwagwa, hukawia, na huiacha seli ikiwa imechemka na kuwa tayari kuitikia hata habari ndogo.

Dutu P iligunduliwa na Ulf von Euler na John Gaddum mwaka 1931, na mpangilio wa asidi zake ulifumbuliwa mwaka 1971 na Michael Chang na Susan Leeman. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba ndiyo ufunguo wa maumivu yote, na kampuni za dawa zikatengeneza kemikali za kukiziba kipokezi chake, yaani mahali inapojishikiza kwenye seli. Kwa wanyama zilionyesha matumaini, lakini kwa binadamu hazikutuliza maumivu kama ilivyotarajiwa, na moja kati yake, aprepitanti, hutumika leo kuzuia kutapika kwa wagonjwa wanaopewa dawa za saratani. Jambo hili lilinigusa sana, kwa sababu linaonyesha kwamba maumivu hayana mjumbe mmoja ambaye ukimfungia njia basi shauri limekwisha. Wajumbe ni wengi, na mmoja akizuiwa wenzake huupeleka ujumbe.

Mfano wa karibu nasi wa kazi ya dutu P ni fuko asiye na manyoya, mnyama mdogo anayeishi kwa makundi chini ya ardhi katika sehemu kavu za Kenya, Ethiopia na Somalia. Nyuzi nyembamba za ngozi yake hazina dutu P, na akipakwa kiini cha ukali wa pilipili mguuni hashtuki kama mnyama mwingine angeshtuka. Mwaka 2008 watafiti walichapisha jaribio ambamo walitumia virusi kuipeleka jeni ya dutu P kwenye neva za mguu mmoja wa fuko, na mguu huo ukaanza kuihisi pilipili. Miaka mingi kabla ya hapo, mwaka 1990, Titus Kanui wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mwenzake Kjell Hole walikuwa wameeleza jambo la kushangaza zaidi: fuko huyo alipopewa morfini, dawa kali ya kutuliza maumivu, hakutulia, bali aliwashambulia wenzake. Baadaye watafiti wa chuo hichohicho walionyesha kwamba katika jaribio la maumivu ya aina nyingine dawa za jamii ya morfini humtuliza. Nafurahi kuona kwamba sehemu ya elimu hii ilichimbwa hapa hapa jijini, na ningependa wanafunzi wa bayolojia katika shule zetu waisikie.

Turudi kwenye mkanda wa sketi yangu. Miongoni mwa vipokezi vya glutameti kuna kimoja, NMDA, ambacho kwa kawaida mlango wake umezibwa na chembe ya magnesiamu. Maumivu yakija mara moja na kwisha, kizibo hicho hubaki mahali pake. Yakija mfululizo, seli huchangamka kiasi cha kukisukuma kizibo nje, kalsiamu humiminika ndani, na seli hujibadilisha ili iitikie kwa nguvu zaidi siku zijazo. Mwaka 1983 Clifford Woolf alionyesha kwamba hali hii ya ugwe wa mgongo kuwa mwepesi wa kuchokozeka ipo kweli, na kwamba haiko kwenye kidonda bali kwenye ugwe wenyewe. Neva iliyoumia huongeza tatizo, kwa kuwa katika wanyama imeonekana kwamba breki za kemikali katika pembe ya nyuma hudhoofika baada ya jeraha la neva. Hapo ndipo mguso wa nguo hupokewa kama moto. Niliposikia maelezo haya nilihisi nafuu ya aina yake kabla hata kifaa hakijawashwa, maana kwa miezi kadhaa nilikuwa nimeanza kuamini wale walioniambia kwamba ninajiendekeza.

Na breki zenyewe ni zipi? Ndani ya pembe ya nyuma zimo seli ndogondogo zinazomwaga GABA na glisini, kemikali mbili ambazo kazi yake ni kuzituliza seli jirani. Zimo pia seli zinazomwaga enkefalini, ambayo ndiyo hasa "dawa iliyo mgongoni" aliyoitaja mtaalamu wangu. Enkefalini iligunduliwa na John Hughes na Hans Kosterlitz huko Aberdeen mwaka 1975. Ni mnyororo mfupi wa asidi za amino 5 tu, nayo hujishikiza kwenye vipokezi vilevile ambavyo morfini hujishikiza. Ikifika kwenye ncha ya uzi wa maumivu, hufunga milango ya kalsiamu, na bila kalsiamu vifuko vya glutameti na dutu P havipasuki. Ikifika kwenye seli iliyo upande wa pili, hufungua milango ya potasiamu, na seli hiyo huwa nzito kuchangamka. Ujumbe hupunguzwa nguvu pande zote mbili za mwanya.

Breki nyingine hutoka juu. Kutoka katikati ya ubongo huteremka njia inayopitia shina la ubongo hadi kwenye pembe ya nyuma, na njia hiyo humwaga serotonini na noradrenalini. Noradrenalini hupunguza maumivu, ilhali serotonini inaweza kuyapunguza au kuyazidisha kutegemea kipokezi inachokigusa. Ndiyo sababu dawa ya zamani ya huzuni kama amitriptilini, inayozifanya kemikali hizi mbili zikawie zaidi, huandikiwa watu wenye maumivu ya neva ambao hawana huzuni yoyote. Mimi niliandikiwa gabapentini, na nilipomuuliza mtaalamu inaingia wapi kwenye mchoro, aliweka nukta kwenye milango ya kalsiamu ya ncha ya uzi. Ilibuniwa kwa kuiga umbo la GABA, lakini haigusi vipokezi vya GABA. Hujishikiza kwenye sehemu moja ya mlango wa kalsiamu na kupunguza umwagaji wa wajumbe. Ilinisaidia usingizi zaidi kuliko mguu.

Sasa umeme unaingiaje? Mwaka 1965 Ronald Melzack na Patrick Wall walichapisha nadharia ya lango: nyuzi nene zinazobeba mguso na mtetemo zikichangamshwa, huziamsha seli za breki katika pembe ya nyuma, na lango la maumivu hujifunga kwa kiasi. Baadhi ya viungo vya mchoro wao vimesahihishwa tangu wakati huo, lakini msingi umebaki. Kila mzazi anayemsugua mtoto aliyejigonga goti huku akimwambia "pole, pole" analitumia lango hilo. Mwaka 1967 Wall na William Sweet walieleza jinsi umeme wa nje ulivyotuliza maumivu kwa njia hiyo, na kifaa changu cha shilingi 4,800 ni mjukuu wa jaribio lile.

Kitufe cha kwanza cha maana, na ndicho ambacho muuzaji hakukigusa hata kwa kidole, ni kile kilichoandikwa Hz, kinachopangwa kuanzia mapigo 2 hadi 150 kwa sekunde. Mapigo ya haraka na mapigo ya polepole hayafungui ghala moja la kemikali. Kathleen Sluka na wenzake huko Iowa, wakifanya kazi na panya, walionyesha kwamba mapigo ya polepole hutuliza kupitia kipokezi cha opioidi, yaani kemikali za jamii ya morfini, kinachoitwa mu, ambacho ndicho kipokezi kikuu cha morfini, na kwamba mapigo ya haraka hutuliza kupitia ndugu yake anayeitwa delta. Kwa binadamu, Han Jisheng wa Beijing na wenzake walipima mwaka 1991 maji yanayouzunguka ugwe wa mgongo, wakakuta kwamba mapigo 2 kwa sekunde yaliongeza kemikali ya jamii ya enkefalini, na mapigo 100 kwa sekunde yaliongeza nyingine inayoitwa dinofini. Mkono mmoja unazungusha kitufe kimoja, na mgongoni hubadilika mjumbe anayetoka ghalani. Nimefundisha fasihi maisha yangu yote, lakini jambo hili linanishangaza kila ninapokiwasha.

Katika matumizi tofauti hiyo huhisiwa waziwazi. Nikiweka mapigo 100, natafuta hisia ya mchonyoto wenye nguvu lakini usiokera, kama sisimizi wengi wanaotembea chini ya ngozi, bila misuli kuruka. Nafuu huja ndani ya dakika chache na hupungua punde tu ninapokizima, kwa hiyo mpangilio huu nimeuhifadhi kwa saa za kusahihisha: kijisanduku hukaa mfukoni mwa sweta, na insha thelathini huisha bila mimi kulazimika kusimama kila baada ya ukurasa wa pili. Nikiweka mapigo 2 hadi 4, natafuta msuli uruke kidogo, taratibu, kama kope inayochezacheza. Hapo lazima nivumilie dakika ishirini au zaidi kabla ya kuona badiliko lolote, lakini nafuu hiyo hubaki nami kwa saa moja au mbili baada ya kukizima. Huu ndio mpangilio wa alfajiri, kabla sijatoka Buruburu kwenda kazini, na tangu niutumie ninaweza kukaa kwenye kiti cha matatu hadi mwisho wa safari.

Mahali pa kubandika pia palikuwa na kosa. Mimi nilikuwa nimevirundika vibandiko vyote vinne juu ya sehemu iliyouma zaidi. Mtaalamu aliweka viwili pembeni mwa pingili za kiunoni, karibu na mahali neva iliyobanwa inapotokea, na viwili kando ya muundi, katika eneo la ngozi linalohudumiwa na neva hiyohiyo, ili habari za mguso na habari za maumivu zifikie ujirani mmoja wa pembe ya nyuma. Kuhusu nguvu, nayo iliyopimwa kwa miliampia, kanuni yake ilikuwa fupi: iwe kubwa kadiri inavyoweza kuwa bila kukera. Nguvu ndogo mno haiamshi chochote, na nguvu inayoumiza huziamsha zile nyuzi nyembamba ambazo tunajaribu kuzinyamazisha, ambalo ndilo hasa nililokuwa nikilifanya katika ile wiki ya kwanza.

Katika wiki ya tatu kifaa kilianza kupoteza nguvu. Nilidhani betri imekwisha, nikabadilisha, hali ikawa ileile. Mtaalamu hakushangaa hata kidogo. Vipokezi vya opioidi huzoea, alisema, viwe vinaguswa na morfini kutoka nje au na enkefalini ya mwili wenyewe, na katika panya mazoea hayo huonekana baada ya siku nne au tano za kurudia mpangilio uleule. Dawa yake ni kubadilisha: kuchanganya mapigo ya haraka na ya polepole, na kuongeza nguvu kidogokidogo kadiri siku zinavyosonga. Kifaa changu kina swichi yenye herufi B, N na M, na M ndiyo inayobadilisha mapigo yenyewe kwa yenyewe. Tangu niihamishie hapo kwa baadhi ya siku, nafuu imerudi karibu kama ilivyokuwa mwanzoni. Kwa sababu hiyohiyo ya mazoea, mtu anayetumia dawa za jamii ya morfini kwa muda mrefu asitegemee sana mapigo ya polepole, maana kipokezi chake cha mu kimekwisha kuchoka. Mapigo ya haraka yanaweza kumfaa zaidi.

Jambo moja zaidi lilinigharimu kwa namna yake. Miongoni mwa wajumbe watulizaji wa ugwe wa mgongo kuna adenosini, na kafeini ni hodari wa kuviziba vipokezi vya adenosini. Hivyo ndivyo inavyotuondolea usingizi. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 1995 ulionyesha kwamba kafeini ilipunguza nafuu inayotokana na TENS. Mimi nilikuwa nikiwasha kifaa alfajiri huku nimeshika kikombe kikubwa cha chai ya maziwa iliyokolea majani. Sasa chai husubiri hadi nifike shuleni. Siwezi kudai kwamba nimepima tofauti kwa mizani, ila asubuhi zangu zimekuwa nyepesi zaidi, na ningemshauri mtumiaji ajaribu kwa wiki mbili ajionee.

Sasa niseme kwa uwazi kile ambacho mauzo ya kifaa hiki mara nyingi hukificha. Diski yangu bado imetokeza. Kifaa hakiisogezi, hakikaushi uvimbe, wala hakishushi presha. Hupunguza sauti ya ujumbe, basi. Hata katika kupunguza sauti hiyo, wataalamu hawajakubaliana. Mwaka 2016 NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, ilishauri kwamba TENS isitolewe kwa watu wenye maumivu ya kiuno, yawe yanashuka mguuni au la, kwa kuwa ushahidi wa manufaa haukutosha. Mwaka 2022 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 381 za maumivu ya aina nyingi, nao ukahitimisha kwamba maumivu hupungua wakati kifaa kikiwa kimewashwa au mara tu baada ya kuzimwa, ikilinganishwa na kifaa bandia kisichopitisha umeme. Nikiyaweka haya mawili pamoja na yale niliyojifunza kuhusu mapigo, nguvu, mazoea na mahali pa kubandika, naona sababu mojawapo ya matokeo kutofautiana: watu wengi huenda wametumia kifaa kama nilivyokitumia katika wiki ya kwanza. Hayo ni maoni yangu mimi mtumiaji. Ninachokijua kwa hakika ni kwamba nafuu ile hunipa dirisha la kufanya mazoezi ya kiuno niliyoelekezwa, na bila dirisha hilo nisingeyafanya.

Kuhusu ubora wa bidhaa yenyewe sina mengi. Kijisanduku ni imara na kimeanguka sakafuni mara mbili bila kudhurika. Vitufe vya nguvu vimefichwa chini ya kifuniko, jambo zuri kwa anayekitembeza mfukoni. Vibandiko ndivyo udhaifu wake: vumbi la Nairobi na jasho la mchana huvimaliza gundi kwa wiki tatu, na vinne vipya ni shilingi 600. Nimejifunza kuosha ngozi na kuikausha kwanza, kuvirudisha kwenye karatasi yake ya plastiki baada ya kila matumizi, na kuvilainisha kwa tone moja la maji safi kwa ncha ya kidole vinapoanza kukauka, na hivyo sasa hufika wiki tano. Waya mmoja ulikatika kwa ndani, karibu na pini, katika mwezi wa tatu. Duka liliubadilisha bila malipo na bila mabishano, na kwa hilo nawashukuru, hata kama sijawasamehe lile neno la presha.

Simpendekezei mtu kifaa hiki ikiwa ana kifaa cha moyo kilichopandikizwa, na mwenye kifafa au mjamzito asikitumie bila idhini ya daktari wake. Kisibandikwe mbele ya shingo, kifuani kwa namna ya kuuvuka moyo, juu ya kidonda, wala kwenye ngozi iliyokufa ganzi, na asikiwashe mtu anayeendesha gari. Kwa wenye maumivu kama yangu kuna onyo zito zaidi: ukianza kukosa hisia sehemu za siri, ukashindwa kuzuia au kutoa mkojo, au mguu ukaanza kulegea, usitafute kifaa cha kutuliza chochote. Nenda hospitali saa hiyohiyo, kwa sababu hapo neva zinabanwa kwa namna inayoweza kuacha kilema.

Kwa wengine wote ushauri wangu ni kugeuza mpangilio nilioufuata mimi. Lipa kwanza shilingi 2,000 za kipindi kimoja na mtaalamu, mwombe akuonyeshe kwa kifaa chake mapigo ya haraka na ya polepole kwenye mguu au mgongo wako mwenyewe, na umwombe akuchoree. Ukiona nafuu pale kitandani, nenda ukanunue chako. Usipoiona, utakuwa umeokoa shilingi 4,800. Kadi yangu ya miadi yenye kipepeo bado nimeibandika kwa ndani ya mlango wa kabati, na wino wa nukta ile ya milango ya kalsiamu umeanza kufifia.